Kijiko cha Kabla ya Chai

Stesheni nzima ilimwita Bi Tangazo. Stesheni masta alikuwa na jina lake halisi kwenye faili, lakini hata yeye ilimbidi afungue faili ndipo alikumbuke. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyo alikaa kwenye chumba kidogo cha ghorofani, juu ya madirisha ya tiketi, chenye kioo kirefu kinachotazama majukwaa manne. Mezani palikuwa na kipaza sauti chenye shingo ya chuma, ratiba iliyobandikwa kwa gundi, birika la maji, na kitambaa cha kufutia vumbi. Kiti alikipachika mto alioushona mwenyewe baada ya kuomba kiti kipya mara tatu na kujibiwa mara tatu kwamba suala lake linashughulikiwa.

Sauti yake haikuwa ya kumtoa nyoka pangoni. Ilikuwa sauti safi, basi. Kila neno lilifika chini likiwa zima, hata injini zikiwa zinanguruma. Alitaja treni, mahali inapokwenda, jukwaa, na saa, akarudia mara ya pili polepole kidogo, kisha akazima kitufe. Mabinti zake wawili walipokuwa wadogo walizoea kuitwa mezani kwa mtindo huohuo: chakula kipo tayari, jikoni, sasa hivi, narudia. Sasa wote walikuwa wameolewa na kuhamia mbali, na nyumbani walibaki yeye na mumewe, fundi saa mwenye kibanda nyuma ya soko, ambaye watu wote, mkewe akiwemo, walimwita Fundi.

Miaka kumi na mmoja kabla ya mambo haya, tezi ya shingoni ya Bi Tangazo ilikuwa imepunguza kazi. Alichoka, akanenepa bila kula sana, akawa anavaa sweta wakati wenzake wanajipepea kwa magazeti. Daktari wa kliniki alimpima damu na kumwandikia kidonge kidogo cheupe cha kumeza kila siku maisha yake yote. Masharti yalikuwa mepesi: ukiamka tu, kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa au zaidi kabla ya kutia kitu mdomoni. Bi Tangazo alikuwa mtu wa ratiba. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alimeza kidonge, saa kumi na mbili na robo alikunywa chai. Baada ya miezi michache alirudi kuwa mzima, na baada ya miaka michache alikuwa ameshasahau kwamba ni mgonjwa. Kidonge kikawa kama kupiga mswaki.

Kikohozi kilianza mwaka ule walipokuja mafundi kubadilisha mabati ya paa la majukwaa. Vumbi la kutu lilipanda hadi ghorofani na kuingia kwenye tundu la kila kitu. Kwanza koo lilimwasha, kisha mafua yakamkamata, na mafua yalipoondoka yaliacha kikohozi kikavu kilichokuwa kikimjia bila kubisha hodi. Kilipenda kuja katikati ya sentensi. Siku moja alikuwa akitangaza treni ya saa nne na robo, akafika kwenye neno "jukwaa", akakohoa mara sita mfululizo huku kitufe kikiwa kimewashwa. Abiria waliokuwa chini wakasema "pole" kwa pamoja, kama wanafunzi wanaomwitikia mwalimu. Walicheka. Yeye hakucheka.

Stesheni masta, mtu mpole mwenye tumbo la kutangulia, alipanda ngazi kumwona.

"Bi Tangazo, sikatai watu wakipanda treni wakicheka," alisema. "Lakini makao makuu nao wana masikio. Hebu tafuta dawa."

"Naitafuta, bosi."

"Itafute kwa haraka kidogo."

Dawa haikuwa mbali. Dada yake Fundi, yaani wifi yake, aliuza majani na mizizi sokoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa mzaha kuhusu kazi yake. Mafungu yake aliyapanga kwa usafi, kila fungu limefungwa kwa uzi wa rangi yake, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba dawa fulani inatibu kila kitu. Ile ya kifua aliitengeneza mwenyewe: majani makali yenye harufu ya kufungua pua, yaliyochemshwa kwa moto mdogo, kisha mzizi uliotwangwa na kulowekwa hadi maji yake yanavutika kama ya bamia, na mwisho asali. Ilikuwa nzito, ya rangi ya chai ya rangi, na ilipoteremka kooni mtu aliisikia ikipita hatua kwa hatua.

"Kijiko kimoja kikubwa asubuhi, wifi, na kingine jioni," alimwambia akimkabidhi chupa. "Lakini unywe ukiwa umeshiba. Majani haya yana ukali, tumbo tupu litakusokota."

Bi Tangazo alifuata maagizo hayo vilevile kama alivyofuata mengine. Alikunywa chai ya maziwa, akala mayai mawili na mkate wenye siagi, kisha kijiko. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Kikohozi hakikusogea. Alijikaza, akajifunza kukohoa kati ya treni na treni, akajifunza kuzima kitufe kwa kasi. Jioni alirudi mbavu zinamuuma.

"Dawa ya dada yako ni tamu," alimwambia mumewe, "lakini nadhani inanipita tu kwenda zake."

"Usimwambie hivyo," alisema Fundi bila kuinua macho kwenye saa aliyokuwa ameifungua. "Mwambie inasaidia pole pole."

"Nimuongopee?"

"Umtunzie heshima."

Hakumwambia lolote. Alipitia duka la dawa lililokuwa njiani kutoka stesheni. Mfamasia wa pale alikuwa msichana mwenye miwani minene, ambaye wateja walimwita Daktari, naye kila mara aliwarekebisha kwamba yeye si daktari, nao kila mara waliitikia, "Sawa, Daktari." Bi Tangazo alikuwa ameweka chupa ya wifi kwenye mkoba. Aliitoa kwa aibu kidogo, maana alitarajia kuambiwa aitupe na kununua ya dukani.

Mfamasia hakusema hivyo. Alifungua kifuniko, akanusa, akachovya kijiti na kuangalia namna dawa inavyovutika.

"Huyu aliyeitengeneza anajua kazi," alisema. "Unaitumiaje?"

"Baada ya chai."

"Chai gani?"

Bi Tangazo akamtajia: maziwa, mayai, mkate, siagi.

"Basi ndiyo hapo," alisema mfamasia. "Mama, dawa hii ina kazi mbili. Huu utelezi unatakiwa ulipake koo na kukaa pale. Haya majani kazi yake haiko kooni, lazima yashuke, yapite tumboni, yafike kwenye utumbo ndipo yaingie kwenye damu. Sasa tumbo likiwa limejaa mayai na siagi, haliachii vitu kwenda chini kwa haraka. Linafunga mlango, linasaga kwanza. Dawa yako inakaa foleni nyuma ya mayai. Hata ikifika, inafika imechelewa, imechanganyika na mambo mengi."

"Kama treni ya abiria nyuma ya ile ya mizigo."

"Hiyo unaijua wewe zaidi. Na ule utelezi nao, ukiunywa halafu ukashushia chai nyingine, unausafisha wote. Jaribu kuinywa kama nusu saa kabla ya kula. Usiifuatishe maji mengi. Tumbo likikusokota, kula ndizi nusu, inatosha."

Alishukuru, akatoka. Nyuma yake walikuwa watu watano wakisubiri, mmoja akiwa na mtoto anayelia. Mfamasia hakuuliza kama mama huyu anameza kidonge kingine chochote, na mama huyu hakuona sababu ya kukitaja. Alikuwa amekuja kwa ajili ya kikohozi.

Fundi aliposikia habari hiyo aliweka chini kibano chake. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa mkewe kumgusa kwenye fani yake. Alitoa daftari dogo, akachora mistari, na kwa siku kumi na mbili zilizofuata wakafanya kipimo. Siku mbili alikunywa dawa baada ya mlo kamili, siku mbili baada ya matunda matupu, siku mbili tumbo likiwa tupu, kisha wakarudia. Fundi aliandika saa ya kijiko na saa ambayo mkewe alisema koo limelegea. Baada ya mayai na siagi ilichukua saa nzima na nusu, na siku moja haikulegea kabisa. Baada ya matunda ilichukua kama dakika hamsini. Kwenye tumbo tupu, dakika ishirini na mbili.

"Ishirini na mbili, mara nne," alisema Fundi, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa furaha kubwa.

"Na tumbo limesokota mara moja tu," alisema Bi Tangazo. "Wifi alikuwa ananionea huruma bure."

Kuanzia siku hiyo kijiko kilihamia alfajiri. Saa kumi na moja na nusu ndiyo saa ambayo tumbo lake lilikuwa tupu bila ubishi, na ndiyo saa ya kidonge. Alisita kidogo mara ya kwanza, akiwa amesimama jikoni, kidonge mkono huu na kijiko mkono ule. Daktari wa zamani alikataza chakula. Dawa si chakula, alijiambia. Akameza kidonge kwa maji, na palepale akafuatisha kijiko cha wifi. Ratiba ilikaa vizuri. Vitu viwili kwa mkupuo mmoja, chai saa kumi na mbili na robo kama kawaida.

Kikohozi kiliisha ndani ya siku tisa. Stesheni masta alimpigia makofi kutoka chini ya ngazi. Wifi alipopata habari alisema tu, "Si nilikuambia," na Bi Tangazo, kwa kutunza heshima, hakumfafanulia. Angeweza kuacha dawa hapo. Lakini mafundi walikuwa bado wapo juu ya paa, vumbi lilikuwa bado linaruka, na koo lake lilikuwa limezoea ule ulaini wa asubuhi. Akaagiza chupa ya pili, kisha ya tatu.

Mabadiliko yalikuja taratibu kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema yalianza lini. Mwezi wa pili alianza kulala jioni akiwa kwenye kiti, kabla ya sahani kuondolewa mezani. Mwezi wa tatu alitoa sweta kabatini. Uso ulimvimba kidogo asubuhi. Na sauti ikaanza kushuka. Kwanza ilikuwa nzito kidogo, watu wakadhani ni mafua. Kisha ikawa na mkwaruzo, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Maneno yaliyozoea kufika chini yakiwa mazima yakaanza kufika yamechubuka.

Wifi alimwangalia, akashika tama.

"Kifua bado kina uchafu," alisema. "Ongeza. Fanya vijiko viwili asubuhi."

Akafanya viwili.

Siku ya ajali ilikuwa ya kawaida. Treni ya saa nane ya mchana ilibadilishwa kutoka jukwaa la pili kwenda la nne kwa sababu ya matengenezo, na karani alimpelekea karatasi ya mabadiliko dakika ishirini kabla. Bi Tangazo aliisoma. Aliiweka chini ya birika ili isipeperuke. Kisha akakaa akiitazama ratiba ukutani, na akili ikamruka. Hakulala, ila hakuwa pale. Aliposhtuka, treni ilikuwa inaingia. Akatangaza kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na watu wa jukwaa la pili hawakumwelewa mara ya kwanza. Walipomwelewa walikimbilia ngazi za daraja la juu wote kwa pamoja. Mwanamke mmoja wa makamo mwenye mifuko miwili alisukumwa, akakosa ngazi, akaanguka. Kifundo cha mguu kiliteguka, na treni ikaondoka bila yeye.

Stesheni masta alipanda safari hiyo pole pole zaidi.

"Karatasi ulipewa?"

"Nilipewa."

"Saa ngapi?"

"Saa saba na dakika arobaini."

Alisubiri ajitetee, lakini Bi Tangazo alisogeza birika kumpisha. Stesheni masta akakaa kwenye ukingo wa meza.

"Ungeniambia unaumwa ningeandika unaumwa," alisema.

"Sijui kama naumwa, bosi. Nimechoka tu."

Kufikia Jumatatu msichana kutoka dirisha la tiketi alikuwa ameketi kwenye ule mto, na Bi Tangazo amehamishiwa chumba cha vitu vilivyosahauliwa, upande wa nyuma, karibu na choo cha wafanyakazi. Kilikuwa chumba chenye rafu tatu na dirisha moja. Kazi ilikuwa kuandika kilichookotwa, kukifunga lebo, na kumpa mwenyewe akija. Miavuli ilikuwa mingi kuliko vitu vyote. Palikuwa pia na meno ya bandia kwenye kopo, na kiatu kimoja cha mwanamume, cha kulia. Akiwa pale aliisikia sauti ya msichana ikipita juu ya kichwa chake kila baada ya dakika chache. Ilikuwa sauti nzuri. Alikubali hilo ndani ya siku ya kwanza, na kukubali huko kwa haraka kulimshangaza. Hakuwa na nguvu hata ya wivu.

Wiki ya tatu akaja mteja mwenye gongo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mguu umefungwa bendeji, anatafuta mfuko wa khaki uliopotea siku aliyoanguka kwenye ngazi. Bi Tangazo alimtambua kabla hajamaliza kusema tarehe. Akashusha mfuko kutoka rafu ya pili, akausukuma mezani, akafungua daftari.

"Weka sahihi hapa, dada."

Mwanamke aliweka sahihi. "Siku ile mtangazaji alitumaliza," alisema, bila hasira sana. "Tulikuwa kama kuku waliotishwa."

Bi Tangazo angeweza kunyamaza, mteja alikuwa ameshageuka kuondoka.

"Ni mimi," alisema.

Mwanamke akageuka. Alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kumtazama mtu usiyemjua. Bi Tangazo alisubiri atukanwe.

"Hebu sema tena."

"Nilisema ni mimi niliyetangaza. Karatasi niliipata mapema. Naomba unisamehe."

"Sweta hilo unavaa kwa sababu unasikia baridi?"

"Ndiyo."

"Leo?"

Nje jua lilikuwa linachoma lami.

"Nilikuwa na mama mdogo," alisema mwanamke, akiegemeza gongo kwenye meza. "Alikuwa na uso kama huo wako, na sauti kama hiyo. Watu wakasema amelogwa, wengine wakasema anakunywa. Ilikuwa tezi. Nenda ukapime."

"Tezi yangu ilishatibiwa. Nameza kidonge kila siku, miaka kumi na mmoja, sijaruka hata siku moja."

"Basi nenda ukawaambie hivyo hivyo," alisema mwanamke. Alichukua mfuko wake na gongo. Hakusema kama amemsamehe.

Kliniki walimtoa damu Jumanne, na Ijumaa akaitwa. Daktari wa zamani alikuwa ameshastaafu; aliyekuwepo alikuwa mwanamume mwembamba aliyezungumza huku akiandika. Alimwambia kipimo kimeenda kombo vibaya, kama cha mtu aliyeacha dawa miezi kadhaa.

"Sijaacha."

"Wengi husema hivyo."

"Mume wangu ni fundi saa," alisema Bi Tangazo. "Nyumbani kwetu saa kumi na moja na nusu ni saa kumi na moja na nusu."

Daktari aliacha kuandika. Akamuuliza anakimeza na nini. Akasema na maji. Akamuuliza baada ya hapo anafanya nini, na hapo, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote, alivitaja vitu vile viwili kwa pamoja: kidonge, halafu palepale vijiko viwili vya dawa ya kikohozi ya wifi yake.

"Ikoje, hiyo dawa? Nyepesi au nzito?"

"Inavutika kama bamia."

Daktari akavua miwani. Alimweleza kwamba kidonge cha tezi ni kidogo mno na kina makuu. Kikikuta kitu tumboni kinashikwa kwa urahisi. Maziwa hukipunguza, chakula hukipunguza, na utelezi wa mizizi kama ule unaweza kukizingira na kukisindikiza hadi nje bila kukiachia kiingie kwenye damu. Hakutaka kuapa kwamba ndiyo sababu pekee. Lakini tarehe zilikuwa zinalingana, na hakuona nyingine.

"Kwa hiyo dawa ya koo ndiyo imeniua sauti," alisema Bi Tangazo.

"Dawa ya koo haina kosa. Kosa ni kuzipandisha zote mbili behewa moja. Kidonge alfajiri, peke yake. Hiyo nyingine, kama bado unaitaka, iache mpaka saa nne asubuhi, chai ikiwa imeshashuka. Tutapima tena baada ya wiki sita."

Alirudi nyumbani, akamsimulia Fundi. Fundi alikwenda kuchukua lile daftari la siku kumi na mbili, akalipitia ukurasa kwa ukurasa. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa: mayai, matunda, dakika. Safu ya kidonge haikuwepo.

"Nilipima saa moja," alisema. "Kumbe zilikuwa mbili." Usiku huo hakugusa kazi.

Kumwambia wifi ndiko kulikuwa kugumu. Bi Tangazo alimkabili uso kwa uso, sokoni, asubuhi wateja wakiwa wachache. Alianza tangu mwanzo, hata lile alilolificha la kuhamisha kijiko kutoka baada ya chai kwenda kabla. Wifi alisikiliza akifunga fungu la majani kwa uzi wa kijani, akafungua, akafunga tena.

"Kwa hiyo nimekulisha sumu," alisema mwishoni.

"Sijasema hivyo, wifi."

"Mimi nilisema unywe ukiwa umeshiba."

"Ulisema."

"Nani alikuambia unywe na njaa?"

Alipoambiwa, alivua aproni, akamwachia jirani meza, akaenda duka la dawa akiwa na chupa mkononi. Bi Tangazo alimfuata nyuma akiwa na hofu ya aibu. Mfamasia alikuwa peke yake akipanga maboksi.

"Wewe ndiye uliyebadilisha maagizo yangu?" aliuliza wifi.

Mfamasia alimtazama, akaitazama chupa, akamwona Bi Tangazo mlangoni na uso wake uliovimba. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Ilipofika mwisho alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Sikumuuliza anatumia nini kingine," alisema. "Ni swali la kwanza wanalotufundisha. Nisamehe, mama."

Wifi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na mtu akikukubalia kabla hujaanza, ugomvi unakwisha nguvu. Akaweka chupa juu ya kaunta.

"Mimi pia sikumuuliza," alisema. "Na ni wifi yangu. Kidonge hicho amekula miaka kumi na mmoja, nakijua."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayenunua na kupima bei, kama ni kweli chakula kinachelewesha majani yake. Mfamasia akasema ni kweli kwa kiasi kikubwa, na akamweleza. Wifi akauliza kuhusu mafuta. Mfamasia akasema mafuta huchelewesha tumbo, ingawa ipo mizizi mingine ambayo bila mafuta kidogo haiingii mwilini vizuri. Wifi akasema hiyo anaifahamu, anaipika na samli tangu zamani ila hakujua kwa nini. Wakaendelea hivyo hadi wateja wakaanza kuingia. Bi Tangazo alikuwa amesinzia kwenye ukingo wa dirisha.

Baada ya wiki sita kipimo kilikuwa kimerudi nusu ya njia, na baada ya miezi minne kilikuwa mahali pake. Uvimbe uliondoka usoni kwanza, kisha usingizi wa jioni, kisha sweta. Sauti ilikuwa ya mwisho kurudi, na haikurudi yote. Ilibaki chini kidogo ya pale ilipokuwa, kama redio iliyosogezwa unywele mmoja kutoka kwenye masafa. Dawa ya kikohozi hakuitumia tena, ingawa wifi alimwekea chupa yenye karatasi mpya iliyobandikwa, maandishi makubwa: mbali na chakula, mbali na vidonge, uliza kwanza. Baadhi ya wateja wa sokoni walilalamika kwamba siku hizi kununua majani kumekuwa kama kwenda mahakamani, maswali kumi kabla ya fungu moja. Wengine wakaacha kuja. Wengi walibaki.

Stesheni masta alimwita ofisini na kumwambia anaweza kurudi ghorofani. Msichana wa tiketi angerudi dirishani kwake.

"Muache," alisema Bi Tangazo. "Asubuhi abaki nayo yeye. Nipe mchana."

"Unamwogopa?"

"Asubuhi kuna watu wengi na wote wana haraka. Yeye wanamsikia vizuri kuliko mimi. Nimekaa chini ya sauti yake miezi sita, najua ninachosema."

Stesheni masta alimtazama kuona kama anatania. Akaandika kama alivyoambiwa.

Siku ya kwanza ya kurudi alitangaza treni ya saa saba na nusu, jukwaa la tatu, mara mbili. Chini hakuna aliyeinua kichwa. Walichukua mizigo yao wakaelekea jukwaa la tatu. Alifanya kazi hiyo ya mchana kwa miaka mitano mingine, kisha akastaafu. Siku ya kumuaga walinunua keki na soda, na stesheni masta mpya, ambaye hakuwepo wakati wa ajali, alisoma jina lake halisi kutoka kwenye karatasi. Wafanyakazi wawili wa jukwaani waligeuka kuulizana ni nani huyo anayeagwa.